Uliza Fundi: Skuta ndogo, gurudumu kwanza, cc baadaye

Barua za skuta zimerundikana mezani mwezi huu, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ninunue ipi? Tumechagua kumi. Bei za madukani hatukuzitaja kwa sababu hupanda na kushuka na dola. Tumetaja vipimo, ambavyo muuzaji hawezi kuvibadilisha.

Ninafundisha kilomita 11 kutoka nyumbani: 4 za lami na 7 za marram. Siku za shughuli navaa gomesi, lile vazi refu lenye mshipi, hivyo pikipiki ya kawaida ni taabu. Kimo changu ni sentimita 156. Kuna skuta ya Japani iliyotumika, ya cc 50, na jirani ananishauri nijikaze ninunue mpya ya India ya cc 110. Mimi mwendo wangu ni wa polepole. Injini kubwa ya nini?
*Mwalimu, Tororo*

Mwalimu, kwa mwendo wako injini si hoja. Hoja ni gurudumu, na hizo kilomita 7 za marram ndizo zitakazoamua.

Inama usome ubavu wa tairi. Ukikuta 90/90-10, maana yake tairi lina upana wa milimita 90, kimo cha ubavu wake ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81, na limevalishwa rimu ya inchi 10, ambayo ni milimita 254. Jumlisha 254 na 81 mara mbili, unapata kipenyo cha milimita 416. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa 90/90-12 utapata 467. Tairi la 3.00-17, la aina inayovaliwa na pikipiki za boda, lina karibu 584. Kwa hiyo ile inchi 10 ndiyo ndogo kuliko zote, na shimo ambalo boda analipita akiongea na simu, gurudumu la 10 linalitumbukia.

Skuta nyingi za Japani za cc 50, kama Yamaha Jog na Honda Dio za zamani, zina inchi 10 mbele na nyuma. TVS Scooty Pep+ ya India nayo ni 10 kote. Honda Activa 6G na Suzuki Access 125 zina 12 mbele na 10 nyuma. TVS Jupiter ina 12 pande zote mbili. Kwa marram yenye mikunjo ile ya ubao wa kufulia, hiyo ya mwisho ndiyo tungeichagua.

Kuna jambo lingine linaloumiza mgongo ambalo dukani hulioni. Kwenye pikipiki ya kawaida injini imefungwa kwenye fremu. Kwenye skuta, injini na gurudumu la nyuma ni kitu kimoja, vinapanda na kushuka pamoja kila tairi linapogonga jiwe. Shoki ina kazi ya kutuliza chuma kizito, na teke linalobaki linafika kitini. Hilo lipo kwa skuta zote, lakini gurudumu kubwa hupunguza teke lenyewe kabla halijafika kwenye shoki. Mbele nako, uliza kama ina foku za teleskopu, yaani mabomba mawili yanayoingiana, au ile mikono mifupi ya zamani iliyojificha nyuma ya gurudumu. Teleskopu ina nafasi ndefu zaidi ya kupanda na kushuka.

Tena ile cc 50 ya Japani ilitengenezwa kwa mtu mmoja. Sheria ya Japani hairuhusu abiria kwenye pikipiki za daraja hilo, na ndiyo maana nyingi hazina hata mahali pa kukanyaga abiria. Ukiona imefungiwa vyuma vya kukanyagia, vimechomelewa huku kwetu, na shoki ya nyuma haikuambiwa.

Sasa kimo chako. Kijitabu cha Jupiter kinasema kiti kiko milimita 765 kutoka ardhini, cha Scooty Pep+ kinasema 768. Kwenye karatasi ni sawa, ila ukikaa utashangaa, kwa kuwa Pep+ ina kiti chembamba mbele na ni nyepesi kwa zaidi ya kilo 10. Simama ukiegemea ukuta bila viatu, bana kitabu katikati ya mapaja hadi juu, mtu akupimie kutoka ukingo wa kitabu hadi sakafuni. Kipimo hicho kikiwa pungufu ya kimo cha kiti kwa zaidi ya sentimita 5, utagusa chini kwa ncha ya vidole tu, na kusimama kwenye marram yenye kokoto itakuwa kazi. Usikubali kukatiwa springi za shoki ili skuta ishuke. Mpe fundi wa viti apunguze sponji sentimita 2 hadi 3, hasa kwenye kingo za mbele ambako mapaja yanapita. Inatosha, na inarudishwa ukitaka kuuza.

Kuhusu gomesi: sakafu bapa ya skuta ndiyo sababu hasa ya kuinunua, kwani unaingia kwa kupitisha miguu mbele, hupandishi mguu juu ya tangi. Kunja ncha za mshipi uzikalie, usiziache zining'inie upande wa gurudumu. Skuta za India huja na kinga ya chuma au plastiki upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, iliyowekwa kwa ajili ya sari za abiria wanaokaa upande. Watu huing'oa wakidhani ni urembo. Yako iache ilivyo.

Kama pesa ya cc 110 yenye inchi 12 haijatimia, subiri miezi michache. Skuta ya inchi 10 kwa kilomita 14 za marram kila siku ya kazi utaichukia kabla muhula haujaisha.

Nakaa Makindye, nafanya kazi Eneo la Viwanda. Nina kilo 78, mke wangu 70, na asubuhi tunatoka pamoja. Nimeonyeshwa Honda Today ya cc 50, Honda Activa ya 110 na TVS Ntorq 125. Ipi itatupandisha bila aibu?
*Msomaji, Kampala*

Tupige hesabu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 kwa sababu hewa ni nyepesi. Today yenye nguvu ya farasi karibu 4 inabaki na 3.5. Activa ya karibu 7.8 inabaki na 6.9. Ntorq ya karibu 9.4 inabaki na 8.3. Mkanda unaopeleka nguvu nyuma na krachi hula kama robo ya kinachobaki kabla hakijafika kwenye tairi.

Ukiwa na mama watoto nyuma, kwenye mwinuko wa mita 15 kwa kila mita 100, hesabu inatoa karibu kilomita 19 kwa saa kwa Today, 33 kwa Activa na 37 kwa Ntorq. Umeona penyewe? Kutoka 50 kwenda 110 umevuka kutoka kusukumwa na honi za matatu hadi kupanda na wenzako. Kutoka 110 kwenda 125 umeongeza kilomita 4 tu. Anayekuambia uongeze pesa ununue 125 kwa ajili ya vilima anakuuzia herufi.

Ntorq ina faida yake, lakini si hiyo. Ina matairi mapana zaidi, 100/80-12 mbele na 110/80-12 nyuma, na breki ya diski mbele. Kwa watu wawili wanaoteremka kutoka Makindye mvua ikinyesha, hilo lina thamani kuliko farasi. Kwa upande mwingine ina uzito wa karibu kilo 118 dhidi ya 106 au 107 za Activa, na kiti chake kimepanda kidogo nyuma: kaeni wote wawili dukani, mke akae dakika kumi nzima, halafu muulize yeye.

Angalia pia uzito wenu. Skuta nyingi za daraja hili zimekadiriwa kubeba kilo 130 hadi 150, dereva akiwemo. Nyinyi wawili ni 148 kabla ya mkoba. Mko ukingoni, hivyo upepo wa matairi si jambo la kukisia: kwa Activa ni psi 22 mbele, na nyuma 29 ukiwa peke yako, 36 mkiwa wawili. Tairi la nyuma likiwa na 25 mkiwa wawili, skuta itayumba mkia kwenye kona na utadhani fremu imepinda.

Cc 50 ya kabureta ina kero moja zaidi hapa juu. Iliratibiwa kwa hewa nzito ya pwani, kwa hiyo huku inakunywa petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, plagi inakuwa nyeusi kama masizi ya sufuria na asubuhi inagoma. Injini zenye sindano ya mafuta hujirekebisha zenyewe.

Na kama mnafikiria Entebbe wikendi, ile barabara ya kulipia hairuhusu pikipiki ndogo. Mtapita ya zamani.

Nauza vitenge, nazunguka kilomita 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Mwenzangu anasema skuta inakula mafuta na nichukue Bajaj Boxer. Ni kweli?
*Mfanyabiashara, Busia*

Ni kweli, ila si kwa kiasi anachokitisha nacho. Wiki yako ni kilomita 240. Skuta ya 110 ikienda kilomita 45 kwa lita itakunywa lita 5.3. Boxer ya cc 100 ikienda 55 itakunywa 4.4. Tofauti haifiki lita moja kwa wiki. Tuseme lita ni shilingi 5,500: hiyo ni kama 5,300 kwa wiki, au 277,000 kwa mwaka.

Pesa inayopotea zaidi iko chini, kwenye mpira. Gurudumu la kipenyo cha milimita 416 huzunguka mara 765 kila kilomita. La milimita 584 huzunguka 545. Yaani tairi dogo linafanya kazi zaidi kwa asilimia 40 kwa safari ile ile, na lina mpira mchache wa kuisha. Wewe unamaliza zaidi ya kilomita 12,000 kwa mwaka. Weka tairi la nyuma la skuta kwenye bajeti ya kila mwaka. Weka na mkanda pamoja na roli zake, wakati mwenye Boxer ananunua cheni na sproketi ambazo kila kibanda cha njiani kinazo.

Kwa kazi yako tungechukua Boxer bila kubishana, na siku ukitaka kuiuza haitalala. Skuta inaishinda mahali pawili tu: mavazi na magoti ya mwenye kuipanda, na mzigo wa sakafuni. Mzigo uliowekwa kati ya miguu uko chini na katikati ya magurudumu mawili, kwa hiyo hauinui gurudumu la mbele kama ule wa kwenye keria. Marobota ya vitenge hayaenei hapo, basi hoja hiyo haikuhusu.

Nina skuta ya Kichina ya cc 150. Injini inanguruma vizuri lakini mwendo hauzidi kilomita 40, na ikiondoka inatetemeka. Fundi amebadilisha pistoni na ringi. Nimelipa, na ugonjwa uko pale pale.
*Msomaji, Jinja*

Pole. Injini yako haikuwa mgonjwa. Injini inayonguruma bila skuta kwenda inakuambia yenyewe kwamba nguvu ipo ila inapotelea njiani, na njia hiyo iko ndani ya lile bakuli refu la upande wa kushoto. Mafundi wengi wamekulia kwenye giya na cheni, bakuli hilo hawalifungui mpaka wameshamaliza kila kitu kingine.

Ndani kuna puli mbili na mkanda. Puli ya mbele ina roli sita zinazosukumwa nje na mzunguko, zikibana puli ili mkanda upande juu. Hiyo ndiyo giya yako kubwa. Puli ya nyuma ina krachi yenye viatu vinavyotanuka na kushika kengele. Dalili zinajieleza: mwendo wa juu umepungua, mkanda umekuwa mwembamba au roli zimepata bapa. Inatetemeka ikiondoka, viatu vya krachi vimeng'aa kama kioo au vimeingiwa na oili. Inanguruma na haisogei kabisa, mkanda umekatika. Inataka kwenda yenyewe ukiwa umesimama, sailensa iko juu mno au springi ya krachi imekatika. Sailensa hapa ni ule mwendo wa injini ikiwa imetulia, si bomba la moshi. Maduka mengine huchanganya.

Wewe una dalili mbili za kwanza, hivyo tarajia mkanda au roli, pamoja na krachi.

Toa kiki kama inazuia, kisha boliti za mfuniko, nyingi zina kichwa cha milimita 8. Zipange juu ya kadibodi kwa mpangilio zilivyotoka kwa sababu urefu unatofautiana. Vumbi jeusi kidogo ni la kawaida. Unyevu wa oili si wa kawaida: sili (mpira wa kuzuia oili) ya krenki au ya shafti ya nyuma inavuja, na ukiweka mkanda mpya bila kuibadilisha umetupa pesa.

Pima upana wa mkanda kwa kalipa. Injini ya aina ya GY6 ya cc 150, iliyo kwenye skuta nyingi za Kichina, ina alama 157QMJ iliyopigwa kwenye chuma upande wa kushoto, na hiyo 57 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita. Mkanda wake mara nyingi ni 842-20-30 kwa bakuli refu au 743-20-30 kwa fupi: urefu milimita 842 au 743, upana 20, pembe ya ubavu digrii 30. Soma maandishi ya mkanda wako wa zamani kabla hujaenda dukani, maana ile miwili inafanana mno ikiwa imekunjwa kwenye pakiti. Ukikuta upana umeshuka chini ya 19 au mgongo una nyufa, badilisha. Kalipa huna? Weka wa zamani na mpya ubavu kwa ubavu mezani, tofauti ya milimita moja utaiona kwa macho.

Nati ya puli ya mbele ndiyo mahali pa kuharibia. Mtu huchomeka bisibisi kwenye mapezi ya feni ili puli isizunguke, na mapezi yanavunjika. Tumia kishikio chake au mashine ya kugongea nati. Ukishatoa puli, mimina roli mkononi uziviringishe: iliyo nzima inateleza kama goroli, iliyokufa inakwama kwenye bapa lake. Hata ikiwa mbovu ni mbili, badilisha zote sita kwa uzito ule ule wa gramu. Kwa injini yako ni za milimita 18 kwa 14. Zikae kavu bila grisi, na nyuso za puli zifute kwa kitambaa chenye petroli.

Viatu vya krachi vikiwa vinang'aa, vikwangue kwa msasa mpaka vififie, na ndani ya kengele vilevile. Kengele ikiwa na madoa ya buluu, imepata moto. Ikwaruze, ipime kama bado ni duara, kisha uamue.

Kurudisha ndiko kunakoua skuta nyingi. Mkanda mpya ukiwa umekazwa, puli ya mbele haiwezi kukaa mahali pake, na nati inabana mkanda badala ya kubana kiini cha chuma. Inaonekana imekaza. Baada ya kilomita chache mkanda unalegea, nati inalegea nayo, na meno ya krenki yanasagika. Dawa ni hii: kabla ya kukaza mbele, tanua puli ya nyuma kwa mikono na uminye mkanda uzame ndani mpaka upande wa mbele ulegee kama kamba ya nguo. Sasa vaa puli, vaa feni, hakikisha meno ya krenki yanachungulia nje ya feni, ndipo ukaze. Mishale ya mkanda ielekee upande unaozunguka. Kisha zungusha puli ya nyuma kwa mkono uone mkanda ukipanda wenyewe kwenye puli.

Kazi hii yote ni ya saa mbili kwa mtu asiyeharakisha.

Huku kwetu ni miteremko. Nasikia skuta haina breki ya injini. Nikishuka kutoka Kanaba nitafika?
*Msomaji, Kisoro*

Breki ya injini, yaani injini kuzuia mwendo ukifunga eksileta, ipo, lakini ina kikomo. Krachi ya skuta hushika kwa mzunguko. Ukifunga eksileta na mwendo ukashuka chini ya kiwango chake, viatu vinaachia na skuta inateleza kama baiskeli. Usiiache ifike hapo. Anza mteremko kwa mwendo wa wastani, bado injini inavuta, na breki zote mbili zishike kwa vipindi: shika kwa nguvu sekunde mbili tatu, achia zipoe, shika tena. Anayeburuza breki ya nyuma mteremko mzima huchemsha ngoma, na ngoma ikichemka wenzo unafika kwenye mpini bila kushika kitu. Ukishaachiliwa na krachi katikati ya mteremko, gusa eksileta kidogo ili ishike upya, kisha funga.

Kwa Kisoro tungesisitiza diski mbele kuliko kitu kingine chochote, na sindano badala ya kabureta.

Nimeletewa skuta ya zamani ya moshi wa mchanganyiko, cc 50, kutoka mpakani. Nikague nini kabla ya kutoa pesa?
*Kijana, Arua*

Fika ikiwa baridi. Muuzaji aliyeshaipasha moto kabla hujafika ana anachokificha. Gusa bomba la moshi, ukiunguza vidole rudi kesho.

Halafu karatasi. Namba ya fremu, ambayo huwa chini ya kiti au chini ya sakafu, ilingane na logbuku herufi kwa herufi. Kama imekwaruzwa, ondoka. Skuta ya mpakani isiyo na logbuku ya Uganda si rahisi, ni ya bure kwa polisi.

Injini ya moshi, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli, ina tangi dogo la oili ya 2T na pampu inayoichanganya yenyewe. Mafundi wengi wameifunga pampu hiyo na kumwambia mwenye chombo achanganye kwenye petroli. Uliza moja kwa moja. Ikiwa imefungwa, kipimo ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita, au 100 kwa lita 5. Ikiwa haijafungwa na tangi la oili limekauka, injini imeshasagika tayari. Moshi wa buluu mwembamba ni wake. Moshi mweupe mzito usioisha baada ya dakika tano ni dalili ya ugonjwa.

Iweke kwenye stendi ya kati, tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia: likicheza, beringi imekwisha. Zungusha usukani polepole. Ukihisi unakwama katikati kabisa, vikombe vya usukani vimepigwa na mashimo. Kwenye tairi tafuta namba nne ndani ya kiduara: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya umri huo hata yakiwa na meno yote ni magumu kama plastiki, kwa hiyo toa bei yake kwenye bei ya skuta.

Mwisho, ukae juu yake ukunje usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Kijana mrefu, mpini utakugonga goti. Hilo hakuna fundi wa kulitengeneza.

Majibu mafupi

*Mbale, kuhusu oili ya skuta kwenye boda:* Usifanye. Oili yenye alama JASO MB imetengenezwa iteleze zaidi, inafaa skuta kwa kuwa krachi yake ni kavu na iko mbali na oili. Boda ina krachi inayoogelea ndani ya oili, na MB itaifanya iteleze. Kinyume chake hakina madhara: oili ya MA ndani ya skuta ni sawa. Skuta ina oili nyingine pia, ya giya ya nyuma, kama mililita 100 hadi 120 tu, na ndiyo wengi wanaisahau hadi gurudumu linapoanza kulia.

*Bwaise, skuta imeacha kuvuta baada ya kupita maji ya mafuriko:* Maji yameingia kwenye bakuli la mkanda kupitia njia ya hewa ya kupoza. Mkanda uliolowa unateleza. Simama, iweke kwenye stendi ya kati, kama kuna kizibo au kijibomba chini ya bakuli kifungue maji yatoke, kisha washa na uongeze eksileta kidogo kidogo kwa dakika chache mpaka mkanda ukauke. Maji yakiwa yamefika kwenye chujio la hewa, usiwashe kabisa. Toa plagi kwanza.

*Kasese, je, skuta inahitaji leseni?* Skuta ni pikipiki mbele ya sheria. Leseni daraja A, bima ya thadipati, kofia ya chuma kichwani kwako na kwa abiria, na abiria ni mmoja. Mtoto wa kusimama sakafuni mbele yako ukifunga breki ndiye anayegonga usukani.

*Mukono, jerikeni la lita 20 linaenea sakafuni?* Kwa nyingi za 110 linaenea likisimama, lakini pima nafasi kati ya kiti na kinga ya miguu ukiwa na jerikeni lenyewe, na ujaribu kukunja usukani pande zote. Chini ya kiti mna lita 18 hadi 22 kwa karatasi, ila umbo lake ni la kofia: jerikeni la lita 5 linaweza kugoma, mkate na nyanya zinaingia.